Orodha ya Waliohudhuria

Barua ya kuomba radhi ilikuwa imekwisha kuandikwa. Ilibaki saini tu, na kwa ajili ya saini hiyo watu wawili walikuwa wamepanda bodaboda tangu alfajiri, kwenye ukungu wa Julai, kutoka kijiji cha Nandwele hadi Newala mjini. Sajini Dorika Nampesya wa upelelezi aliisogeza barua mezani, akaweka kalamu juu yake.

“Mama Upendo, isome kwanza.”

Veridiana, mama yake Upendo, alikuwa ametolewa mahabusu dakika kumi zilizopita. Mchanga mwekundu wa Nandwele ulikuwa bado umeshika pindo la kanga yake. Siku tano nyuma, walinzi wa kamati ya misitu ya kijiji walimkuta msituni na jembe na kapu la ming'oko, vile viazi mwitu ambavyo watu wa Kusini huchimba kila kiangazi. Sheria ndogo ya kijiji ilisema msitu ule sasa ni hifadhi ya kaboni, na aingiaye kuchimba bila kibali ni faini au kifungo cha miezi mitatu. Faini aliikataa. Kesi yake ingesikilizwa Ijumaa saa tatu asubuhi, na leo ilikuwa Jumatano. Mikorosho yake ilikuwa imeanza kuchanua. Asipoipuliza salfa mwezi huu, ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, ungekula maua yote, na mwaka mzima ungekuwa umekwenda.

“Ukisaini, tunaiondoa kesi,” alisema Mwalimu Stefano. “Leo unalala kwako, mama.”

Mwalimu Stefano alikuwa katibu wa kamati ile. Mngoni wa Songea, aliyeletwa Nandwele kufundisha mwaka themanini na nne, akawa mwalimu mkuu, akastaafu, hakuondoka. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono ilisimama. Kando yake alikaa Fikirini, mjumbe wa kamati, mwanamume wa miaka arobaini na mitano ambaye Nandwele walimheshimu kama mkulungwa, yaani yeye ndiye huwapeleka vijana kumbini wakati wa jando na kuwarudisha wakiwa watu.

Veridiana alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikasimama.

“Hapa pameandikwa, ‘Mimi niliyehudhuria mkutano mkuu wa kijiji tarehe kumi na sita Agosti mwaka jana, na kukubali msitu wetu uwe hifadhi.’ Mkutano gani huo?”

“Ule wa ghalani,” alisema Mwalimu.

“Agosti ile nilikuwa shambani na pampu mgongoni. Baba Sauda, wewe ulikuwa wapi?”

Fikirini alitazama viatu vyake. “Mimi nilikuwa Masasi. Pampu yangu ilikuwa kwa fundi.”

“Tusimchoshe Sajini kwa habari za pampu,” Mwalimu alidakia.

“Hazinichoshi,” alisema Dorika. “Mama, unasaini?”

“Sisaini. Ming'oko nimechimba, nawaambia wazi. Mama yangu alichimba, bibi yangu alichimba. Mkutano sikwenda. Ndiyo nianze kuandika nilikwenda?”

Mwalimu Stefano aliinuka, akakunja miwani yake polepole kama mtu aliyekwisha kusahihisha daftari na kuona sifuri. “Haya, Chilowe, twende zetu. Tumwache atafakari.”

Fikirini alisimama. Alicheka kidogo, kicheko kikavu cha mtu aliyekanyagwa kidole na mkubwa wake, akamfuata nje. Dorika aliandika kwenye daftari lake: *Fikirini hakuwepo. Veridiana hakuwepo. Nani alikuwepo?* Kisha, kwa mazoea tu, akaongeza chini: *Chilowe, jina la utani?*

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

“Jalada ni la ming'oko, Dorika. Mama amekiri. Unatafuta nini?”

“Amekiri kuchimba, afande. Sheria ndogo inasimama juu ya mkutano. Kama mkutano haukuwepo, amechimba kwenye msitu wake mwenyewe.”

“Na kama ulikuwepo?”

“Basi kuna muhtasari, na nyuma ya muhtasari kuna majina. Nataka kuyaona.”

“Ijumaa saa tatu,” alisema mkuu wake. “Saa tatu na dakika moja sikujui.”

*

Muhtasari halisi haukuwa kijijini wala wilayani. Ulikuwa Masasi, kwenye chumba cha kupanga cha Pumzi ya Miombo, kampuni yenye mradi wa kaboni, chini ya yale majabali ya mawe yanayoutazama mji. Dorika alishuka huko mchana kwa gari la halmashauri, na aliyekuwa kwenye usukani ni Julia, afisa mazingira wa wilaya, mwanamke mfupi aliyeendesha kama anayekimbizwa.

“Nieleze kama vile mimi mjinga,” Dorika alisema.

“Kampuni inataka kuuza hewa ukaa iliyofungwa kwenye ile miti. Kuna viwanda huko mbali vinachafua, vinanunua ili visamehewe. Zamani kila mtu alijifanyia. Sasa tuna kanuni. Na kanuni zinaanza na mwenye msitu. Msitu wa kijiji ni wa kijiji, kwa hiyo bila mkutano mkuu kukubali, kwa majina na saini, hakuna mradi. Mimi siwezi kuwakubalia. Mkurugenzi hawezi. Hata Dodoma hawawezi.”

“Na kijiji kikishakubali?”

“Miaka thelathini. Hukati, huchomi, huchimbi.”

“Hata ming'oko?”

Julia alibadilisha gia. “Hiyo ilitegemea walivyojadili siku hiyo. Mimi niliona nakala tu. Ilikuwa safi mno, nikajua imefanywa na mtu anayejua kazi. Nikafurahi. Ndiyo aibu yangu.”

Karani wa kampuni, kijana mpole, alisoma barua ya polisi mara mbili, akapiga simu, akaleta jalada la kijani. Dorika alivaa glavu. Muhtasari ulikuwa na kurasa tisa. Mbili za maneno, saba za majina. Watu mia moja themanini na wanne, kila mmoja na saini yake.

Alikagua bila haraka. Wino mmoja, wa buluu, kutoka namba moja hadi ya mwisho. Watu mia na themanini kupokezana kalamu moja, inawezekana. Lakini hapakuwa na doa la jasho wala kona iliyokunjwa, na hakuna aliyekosea safu. Hakuna hata mmoja aliyeweka dole gumba. Kijiji kizima kilikuwa kimesaini kwa mwandiko wa kujifunza, herufi duara duara.

“Mtaalamu wa maandishi yuko Dar es Salaam,” Julia alisema. “Wiki tatu, ukibahatika.”

“Nina saa arobaini.”

Alipitisha kidole kwenye majina. Mengi yalikuwa ya kienyeji, hakuona Athumani wala Maria. Dorika alikuwa Mmakua wa Masasi, aliyekulia kwenye nyumba za polisi pale mjini, na aliyachukulia kuwa majina ya ukoo. Namba kumi na moja ilimsimamisha. Chilowe Mkwepa. Alifungua daftari lake, akalitazama lile neno la asubuhi, akafunga.

Mwishoni palikuwa na mhuri wa kijiji, saini ya mwenyekiti, na saini ya mtendaji: Hamudi.

“Basi tunaye,” Julia alisema.

“Tuna mhuri,” alisema Dorika.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi walikuwa Nandwele, ofisi ya mtendaji. Hamudi aliupokea muhtasari kwa mikono miwili, akafungua ukurasa wa mwisho.

“Mhuri wako?”

“Wangu.”

“Ulikuwepo mkutanoni?”

“Hapana, afande.” Alifungua droo, akatoa barua ya uhamisho. Aliripoti Nandwele tarehe ishirini na tano Agosti, akitokea Singida. “Mkutano ulikuwa umeshapita siku tisa. Mwenyekiti aliniletea karatasi zikiwa zimekamilika. Akasema zimekosa mhuri tu, maana mtendaji wa kabla yangu aliondoka mapema.”

“Mwenyekiti yuko wapi?”

“Alifariki Oktoba.”

“Kwa hiyo unamsukumia marehemu.”

“Namtaja aliyenipa karatasi. Angekuwa hai ningemtaja vilevile, tena mbele yake.”

“Ukasoma majina?”

“Nikayapitia.”

“Hukushangaa hata moja?”

“Sajini, mimi mtu wa Singida. Kwangu majina ya huku yote ni mageni. Hata la kwako.”

Julia alificha tabasamu. Dorika hakulificha lake. Aliandika maelezo ya Hamudi, akamsainisha kila ukurasa, akachukua barua ya uhamisho. Uzembe ulikuwepo, tena wa kutosha kumtia matatani. Lakini mtu wa siku kadhaa kijijini asingeweza kutunga majina mia na themanini ya Kimakonde. Hakuwa nayo.

Labda ni majina hewa, aliwaza. Mtu ameketi, akabuni. Basi dawa yake ni kubisha hodi. Alichagua matatu kutoka kwenye orodha, akaanza na namba kumi na moja.

Nyumba aliyoelekezwa na daftari lake mwenyewe ilikuwa ya Fikirini. Mkewe, Naima, alikuwa uani akimenya muhogo.

“Hodi hapa.”

“Karibu. Shikamoo, dada askari.”

“Marahaba, Mama Sauda, habari za kazi? Namtafuta Chilowe Mkwepa.”

Kisu kilisimama. Naima aliuweka muhogo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akasimama wima.

“Nani amekutuma unitukane kwangu?”

“Sijakutukana. Jina limeandikwa hapa.”

“Basi aliyeliandika ndiye aliyenitukana, na wewe umemsaidia kubeba.” Alishusha sauti. “Wewe mtu wa wapi?”

“Masasi. Mmakua.”

“Mmakua halafu huelewi? Hilo jina lilibaki kumbini. Siku wavulana wanatoka, vibanda vinachomwa moto, na majina ya utoto yanaungua humo humo. Baba Sauda alitoka pale akiwa Fikirini. Mimi mkewe miaka ishirini na miwili, jina hilo halijapita kwenye mdomo wangu. Hata kwenye ugomvi.”

Dorika aliitazama upya karatasi yake. Alikuwa anaijua mila hiyo. Kaka zake walipita humo humo, na mmoja alimpiga kofi utotoni kwa kosa hilo hilo. Aliyasoma mia na themanini jana yake na hakuona.

“Jana nilimsikia Mwalimu Stefano akimwita hivyo,” alisema. “Tena mbele yangu.”

“Mwalimu ni mwalimu. Hakupita kumbi lolote la hapa. Alituita darasani kwa majina hayo, akatuchapa kwa majina hayo, mpaka leo hajui mengine. Tumemwachia. Mwingine akitaja analipa kuku na kuomba radhi mbele ya watu.”

“Na nyie wanawake?”

“Sisi vilevile. Ukitoka unyagoni unatoka na jina lako.” Naima alinyoosha mkono. “Lete hiyo karatasi.” Alisoma nusu ukurasa, midomo imefungwa. “Namba ishirini na sita ni mimi. Mimi yule wa kabla ya unyago. Nani mtu mzima atasimama mkutanoni aandike hili? Ningeacha msitu wote uende kuliko kuandika hili kwa mkono wangu.”

“Utanisainia maelezo hayo?”

“Kwa jina langu,” alisema Naima. “Hili la sasa.”

*

Mwalimu mkuu wa sasa wa shule ya Nandwele aliitwa Mabel, na kabati lake lilikuwa na harufu ya chaki na mchwa. Dorika hakumweleza mengi.

“Watu wa hapa wakiandikishwa darasa la kwanza, wanakuwa wamekwenda jandoni?”

“Siku hizi wachache. Zamani hakuna. Waliandikishwa kwa majina ya utoto, wakarekebisha baadaye kwenye vyeti.”

“Kuna mahali majina hayo yamebaki?”

“Rejesta ya uandikishaji tu. Haibadilishwi.” Mabel alivuta kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa. “Miaka gani?”

“Yule aliye na miaka arobaini na mitano leo.”

Walifungua mwaka themanini na sita. Dorika aliweka orodha ya mkutano upande wa kushoto, rejesta upande wa kulia, wakasoma kwa kupokezana. Namba moja, namba moja. Namba mbili, namba mbili. Wavulana wa themanini na sita, kisha wasichana. Wavulana wa themanini na saba, kisha wasichana. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyepishana na mwenzake. Kijiji kilikuwa kimekwenda mkutanoni kwa mstari wa paredi.

Kwenye namba hamsini na tatu Mabel alisimamisha kidole.

“Likwena Mtipa,” Dorika alirudia. “Unaye?”

“Ninaye. Na huku pembeni kuna maneno.” Aligeuza kitabu ili Dorika asome mwenyewe. Kwa kalamu nyekundu iliyofifia, herufi duara duara: *Amefariki kwa surua, Machi 1988.* Alikuwa darasa la pili.

Kwenye muhtasari wa Agosti mwaka jana, Likwena Mtipa alikuwa amesaini vizuri kabisa.

“Nani aliandika haya ya pembeni?” aliuliza Dorika.

“Mwalimu wake wa darasa. Mwalimu Stefano.”

“Rejesta hii imewahi kutoka humu?”

Mabel alifungua daftari la kuazimisha. Hakuhitaji kutafuta sana, maana ni watu wachache huazima rejesta ya miaka karibu arobaini. Ilitoka tarehe nane Agosti mwaka jana, sababu: kuandika historia ya shule. Ilirudi tarehe mbili Septemba. Saini ya Mwalimu Stefano ilikuwa hapo mara mbili.

“Hakuandika historia yoyote,” Mabel alisema.

“Ameandika,” alisema Dorika. “Ninayo hapa.”

Nje, Julia alikuwa ameegemea gari. Dorika alimweleza yote kwa dakika tatu.

“Inatosha,” Julia alisema. “Mkamate.”

“Kwake yeye inatosha. Kwa Mama Upendo bado. Wakili wa kamati atasema mwalimu mzee alitumia majina aliyoyazoea, watu wenyewe walikuwepo. Nani atakanusha? Maelezo ya watu mia na themanini siyapati kabla ya kesho.”

“Sasa?”

“Leo saa tisa salfa ya ruzuku inagawiwa ghalani, na kijiji kizima kitakuwepo. Wewe ni afisa, Hamudi ni mtendaji. Mnaandika mnachokiona.”

Julia alimtazama. “Unataka kuyasoma. Kwa sauti.”

“Yote.”

“Dorika, watakula nyama yako.”

“Watakasirika. Nataka wakasirike mbele yako, na wewe uwe na kalamu.”

*

Ghala la chama cha msingi lilikuwa limejaa. Magunia ya salfa yalipangwa ukutani, vumbi la njano likielea mlangoni, na watu walikaa kwa makundi, wanaume kulia, wanawake kushoto. Mwalimu Stefano alikuwa meza ya mbele, kama siku zote. Aliposikia Sajini anataka dakika chache, alimpisha kwa heshima.

“Shikamooni,” Dorika alisema. “Nina orodha ya waliohudhuria mkutano mkuu wa tarehe kumi na sita Agosti mwaka jana, mkutano ulioutoa msitu wa kijiji. Ukisikia jina lako, simama.”

Akasoma namba moja.

Minong'ono ikakatika. Akasoma namba mbili. Mwanamume mmoja upande wa kulia aliinua kichwa kama aliyemwagiwa maji. Namba tatu, namba nne. Mtu akasema kwa nguvu, kwa Kimakonde, neno ambalo Dorika hakuhitaji kutafsiriwa. Aliendelea kusoma kwa sauti ile ile, si ya ukali, si ya upole. Namba kumi na moja.

“Chilowe Mkwepa.”

Fikirini alisimama.

“Baba Sauda, umesimama kwa sababu ulikuwepo?”

“Nimesimama nikuulize umepata wapi ruhusa ya kunivua nguo mbele ya wanangu.”

“Nitakujibu. Keti kidogo.”

Hakuketi. Wengine nao walianza kusimama, mmoja mmoja, na hakuna aliyesema ‘nilikuwepo’. Dorika alisoma. Akafika kwa wanawake, na upande wa kushoto ukavuma kama mzinga uliopigwa teke. Hamudi alikuwa amebana mgongo ukutani. Julia alikuwa anaandika bila kuinua uso.

“Namba hamsini na tatu. Likwena Mtipa.”

Nyuma kabisa, bibi mmoja alishika bega la jirani yake, akainuka taratibu.

“Huyo wangu,” alisema. “Huyo nilimzika. Hakufika kumbini. Hana jina lingine.”

Dorika aliteremsha karatasi. “Pole, mama.”

“Amefanya nini mwanangu?”

“Wamesema alikuja hapa Agosti mwaka jana, akasaini msitu utolewe.”

Bibi alifikiri. “Alikuwa hajui kuandika vizuri,” alisema, akaketi.

Hapo ndipo vichwa vilipoanza kugeuka. Havikumgeukia Sajini tena. Wote waliokuwa mle walijua ni mtu mmoja tu ambaye kwake walibaki watoto. Dorika aliweka rejesta mezani, akaifungua kwenye ukurasa wenye wino mwekundu, akaisogeza mbele ya Mwalimu Stefano.

“Mwandiko wako, mwalimu?”

Mwalimu hakuvaa miwani. “Wangu.”

“Na huu wa muhtasari?”

“Nao wangu.” Alisimama, na sauti iliyowahi kuendesha paredi ya watoto mia sita ilijaza ghala. “Nilipokuja hapa kulikuwa na chemchemi tatu kule bondeni. Leo iko moja, na mnaijua inavyotoa. Mvua ya Novemba inakuja Januari. Mikorosho inachanua, jua linaikausha. Mmekata msitu kila upande, umebaki huu. Ningeitisha mkutano mngekuja arobaini, mngebishana, mngekwenda kupuliza salfa. Nimewafundisha miaka yote hii. Nilijua jibu lenu.”

“Ukawatungia mtihani,” alisema Dorika, “ukawafanyia, ukawasahihishia.”

“Nimeokoa msitu.”

“Umemweka ndani Mama Upendo,” alisema Naima kutoka upande wa wanawake. Hakupaza sauti. “Kwa ming'oko. Mwalimu, mimi huo msitu nautaka kuliko wewe, chemchemi hiyo ndiyo naichota. Ungeniuliza. Wewe hujawahi kuniuliza kitu nikiwa mtu mzima.”

Mwalimu Stefano alifungua mdomo kumjibu. Ilionekana anatafuta jina la kumwita, na alilokuwa nalo lilikuwa moja tu. Akaketi.

Julia alisoma alichoandika, kifupi: wanakijiji walioitwa wamekana kuhudhuria, mmoja wa waliotajwa ni marehemu tangu mwaka themanini na nane, muhtasari hauna nguvu, na kwa kanuni za biashara ya kaboni mradi umesimama mpaka kijiji chenyewe kitakapokaa. Sheria ndogo iliyozaliwa na mkutano huo haina mama. Hamudi aligonga mhuri, safari hii baada ya kusoma kila neno. Dorika alipiga simu kwa mwendesha mashtaka, akamweleza, akasikiliza, akakata.

“Kesho asubuhi shauri la Mama Upendo linaondolewa,” alitangaza. “Anarudi kwake bila kusaini kitu. Mwalimu, wewe unakwenda na mimi.”

Watu hawakupiga makofi. Walimpisha njia, lakini Fikirini alikuwa amesimama katikati ya njia hiyo.

“Sajini,” alisema. “Kazi umeifanya, tumeiona. Lakini majina yametajwa, mbele ya wake zetu na watoto wetu, na mdomo ni wako. Wewe Mmakua, unajua linalofuata. Kuku, na radhi. Hapa hapa.”

Hata Mwalimu aligeuka kusikiliza.

“Kuku nitamleta Jumamosi, Baba Sauda,” Dorika alisema. “Jogoo mkubwa, maana hiyo ni haki ya kumbi na mimi siidharau. Lakini kosa halikuanza kwenye mdomo wangu. Mwaka mzima majina hayo yamelala Masasi, kila moja limesaini kuutoa msitu wenu, na ningeyanyamazia kwa adabu, mama wa watu angefungwa kesho. Mkiletewa orodha nyingine kama hii, niiteni. Nitaisoma tena, kuanzia namba moja.”

Alikunja karatasi, akaitia mfukoni.

“Radhi siombi.”